Nachora ndani ya teksi ikingoja kujaa

Teksi za Kampala, hizi basi ndogo kama matatu au daladala, haziondoki steji mpaka zijae, abiria 14, na kama we ndo wa tatu kuingia tena ni mchana basi jua utakaa, kondakta ataita mpaka sauti imkauke, wachuuzi watapita dirishani na soksi na maji na chaja za simu, na dereva atasogeza gari mbele kidogo alafu arudi nyuma ili watu wadhani inatoka. Huo ndo muda wangu wa kuchora. Naandika hii kwa sababu watu wamekuwa wakiniuliza, hasa akina dada wa rika langu ambao shuleni walikuwa wanachora vizuri na sasa wana kazi na watoto na madeni, wanauliza hamu nimeitoa wapi na muda naupata saa ngapi, na mi nataka niwajibu vizuri maana hii kitu imenirudishia furaha ambayo nilikuwa nimesahau kwamba ipo.

Nimekulia Busia, upande wetu wa Uganda. Mtoto wa Busia akitoka mlangoni anaona malori, foleni ndefu inayosubiri kuvuka mpaka, na madereva wamekaa chini ya gari wanapika chai. Mi nilikuwa nachora hayo malori kwa kijiti kwenye vumbi na kwa makaa kwenye ukuta wowote uliokuwa karibu, na madereva walikuwa wanakuja kuangalia, tena kwa makini, kuna mmoja aliniambia we binti umesahau tairi la spea, liko hapa chini, na mimi nikaliongeza hapohapo naye akaridhika. Nilikuwa najua kila lori lina ekseli ngapi. Baadaye sekondari ilipofika saa ya kuchagua masomo nyumbani wakasema karo hii ni ya biashara na sayansi, sio ya kuchora, na sina kinyongo kabisa kwa hilo, karo ilikuwa inatafutwa kwa jasho. Basi penseli ikakaa, na miaka ikapita mingi.

Siku hizi nafanya kazi Nasser Road, huo mtaa wa wachapaji hapa Kampala, ukitaka kadi za harusi, vitabu vya risiti, kalenda za kanisa, mabango ya wanasiasa, vyote viko hapo. Mi ni wa kompyuta, nakaa na Photoshop na CorelDRAW kuanzia asubuhi. Watu wakisikia hivyo wanasema aa kumbe we unachora kila siku. Hapana. Kupanga picha ambazo wengine wamepiga ni kazi nzuri na inanilisha, lakini jicho lako halijauliza kitu chochote swali, na mkono unasukuma mausi tu.

Ilivyoanza tena ni hivi. Walikuja akina mama wa kikundi cha akiba, wanataka vitabu vya wanachama, na kwenye jalada wanataka picha ya chungu juu ya mafiga matatu. Nikatafuta mtandaoni, zikaja sufuria, zikaja vyungu vya maua, ikaja moto wa kambi ya wazungu, mama mwenyekiti anatikisa kichwa tu, sio hiyo mwanangu, sio hiyo. Nikachukua kalamu, nikageuza karatasi ya delivari, nikamwambia mama nielekeze. Akaanza: figa la mbele linaonekana lote, la nyuma linajificha, chungu kina shingo fupi, moshi umepaka upande mmoja tu kwa sababu upepo. Nikawa nachora anavyosema. Alipoiona akasema ndo hii, weka hii, na wenzake wote wakaja kuinama juu ya meza. Tuliiskani ikaenda kwenye jalada. Jioni ile nilitembea mpaka steji na vidole vinawasha, nataka kuchora kitu kingine, chochote.

Sasa hapa ndo nataka nikae kidogo, maana jioni ya kwanza kila mtu anaipata. Mtu anapata moto siku moja, anaenda kununua kitabu kizuri cha kuchorea na seti ya penseli kwenye kopo, kuanzia ile ngumu ya 2H mpaka ile laini ya 8B, alafu kile kitabu kinamtisha, kila ukurasa ni mweupe na ni wa bei, anaona bora asubiri siku atakayokuwa na picha inayostahili. Hiyo siku haiji. Mimi karatasi zangu ni mabaki. Kwenye uchapaji ukishachapa unapeleka mzigo kwenye mashine ya kukatia, na pembeni zinabaki vipande virefu vyembamba, bondi, manila, saa zingine hata karatasi ya "art" ile yenye kung'aa, na vingi vinaenda kwenye gunia la taka. Anayekata ni mzee wetu mmoja tunamwita Afande, alikuwa jeshini zamani, Kiswahili chake ni kile cha kambini, kimenyooka. Nikamwambia Afande naomba hivyo vipande. Akaniuliza vya nini. Nikasema nachora. Akanyamaza, kesho yake nikakuta amenikatia fungu zima, zote saizi moja inayoingia kwenye mkoba, amezibana na klipu.

Ila hakunipa hivihivi. Akasema, "Binti, karatasi yangu haiendi bure. Kila asubuhi unanionyesha."

Na anauliza kweli. Nikiingia tu, kabla hata ya habari za asubuhi, "Leo umetuletea nani?" Ukitaka kujua hamu yangu inakaa wapi, inakaa hapo, kwenye hilo swali la Afande. Nimesoma maneno mengi ya kuhamasisha watu, amka mapema, jiwekee malengo, sijui andika ndoto zako ukutani, na mi naona yote hayo yanamwacha mtu peke yake na nafsi yake, na nafsi ikichoka inajisamehe. Mtu mmoja anayesubiri kuona ulichofanya, hata kama si msanii, hata kama anakata karatasi, ana nguvu kuliko malengo yote. Siku ambayo sijisikii nachora kwa sababu Afande ataniuliza, na nikishaanza, mkono ukipata joto, nasahau kama sikuwa najisikia.

Turudi kwenye teksi. Ukikaa siti za nyuma unachokiona ni migongo, visogo, masikio, mabega, mitandio, ndo modeli wako hao na wametulia kwa sababu hawana pa kwenda. Nawachora kwa kalamu ya Bic sio penseli, maana wino haufutiki, basi mstari ukienda vibaya unaweka mwingine pembeni na unaendelea, raba inakula muda na kondakta anaweza kugonga bodi ya gari saa yoyote twende. Napenda sana mama akiwa amevaa gomesi, lile gauni refu la heshima la akina mama wa Uganda, yale mabega yaliyochongoka juu yanakupa pembe mbili ambazo ukizipata tu mtu mzima ameshakaa kwenye siti. Na masikio! Sikujua kama masikio ya watu yanatofautiana hivi. Kwa kawaida sikio linaanzia usawa wa nyusi linaishia chini ya pua, ukilijua hilo na ukajua pia macho yapo katikati kabisa ya kichwa, sio juu kama wengi tunavyoyaweka, sura itakaa sawa hata kabla hujaifananisha na mtu.

Afande naye amenifundisha kitu bila kushika kalamu. Aliangalia mmoja wa abiria wangu akasema huyu shingo umempandia kama mti, shingo ya mtu haichomoki katikati, inatoka mabegani. Nikaenda kuangalia jioni ile, nikakuta ni kweli kabisa, ukimtazama mtu kwa nyuma mabega yanapanda taratibu yanakuwa shingo, hakuna mahali pa kusema hapa bega limeisha. Mzee amekagua gwaride miaka mingi, anajua mtu anavyosimama.

Kuna jambo moja nalisema wazi hata kama wengine hawatapenda. Kunakili picha za watu maarufu kutoka kwenye simu, unaona vijana wanachora mchezaji wa mpira kila kinyweleo, inachukua wiki tatu, inapendeza, na kuna mikono ya ajabu hapo siwezi kukataa. Lakini kwa mtu mzima anayerudi kwenye kuchora mi nasema aiache kwanza. Kamera imeshachagua, imeshafanya dunia kuwa bapa, imeshaamua kivuli kiwe wapi, wewe unabaki kupima tu. Kitu kilicho mbele yako kinapumua, kinasogea, kinakulazimisha uamue upesi kipi ni muhimu, na kule kuamua ndo kunakoleta utamu. Pia mchoro wa dakika tano ukiwa mbovu haukuumizi, umepoteza dakika tano, una mwingine kesho.

Na mwalimu mkubwa kwangu baada ya Afande ni kaloli, wale korongo wakubwa wa Kampala wanaosimama juu ya miti na kwenye majalala, urefu wake unafika mita moja na nusu, kichwa hakina manyoya, na kifuniko chake cha mgongo kijivu kinaning'inia kama koti. Watu hapa hawampendi, wanasema mbaya, mchafu. Mi namwona ni zawadi kwa mchoraji kwa sababu anaweza kusimama mahali pamoja hajitingishi mpaka umalize. Anza na ile nafasi kati ya miguu yake miwili, ichore hiyo nafasi yenyewe kama umbo, miguu itajitokeza yenyewe. Alafu nilipomchora tena na tena ndo nikaelewa kwamba kile tunachoona kama goti linalokunjika kwenda nyuma si goti, ni kifundo cha mguu, goti halisi liko juu limefichwa na manyoya. Miguu yake inaonekana myeupe kwa sababu ya kinyesi chake mwenyewe, anajimwagia ili apoe joto. Nimeishi chini ya hawa ndege miaka na sikuwa nimewahi kuwaona, sasa nikipita Wandegeya, mtaa wa hapa Kampala, nainua kichwa nawatafuta.

Kuna wanaoniambia we umeshachelewa, sanaa inaanzwa utotoni ukapelekwa shule yake. Nawatajia mchoraji Jak Katarikawe, mtu wa Kigezi, kusini-magharibi mwa Uganda, alikuwa dereva, hakupitia darasa la sanaa, mchoraji Mtanzania Sam Ntiro wa pale Chuo Kikuu cha Makerere akaona alichokuwa anafanya akamtia moyo, akaja kuishi Nairobi akichora ng'ombe wenye rangi za ndoto mpaka alipofariki 2018 na picha zake zinaheshimika dunia nzima. Na hata hiyo shule ya Makerere yenyewe, ambayo sasa inaitwa kwa jina la Margaret Trowell, ilianzia barazani kwa huyo mama kwenye miaka ya 1930, watu wachache tu na rangi zao. Mmoja wa wanafunzi wake wa mwanzo alikuwa Gregory Maloba, ndo aliyetengeneza sanamu ya Uhuru ya 1962 tunayopita pale mjini kila siku, yule mtu aliyefungwafungwa anainua mtoto juu. Simaanishi sisi tutakuwa hao. Mi sitafuti kuuza, sitafuti maonyesho, nina kazi yangu. Nasema tu mlango haukufungwa na umri.

Kwa dada aliyeniuliza ana watoto wadogo na hapandi teksi: umeona foleni ya kisimani, benchi la kliniki, foleni ya benki, kungoja maharage yaive? Maisha yetu huku yana kungoja kwingi, na kila kungoja kuna watu wamekaa. Weka vipande vya karatasi na kalamu moja kwenye mkoba, visikae kabatini. Alafu tafuta Afande wako, mtoto wa darasa la nne anafaa kabisa, huyo hatasahau kukuuliza.

Sasa hivi akili yangu iko Nyero, kule karibu na Kumi, mashariki mwa Uganda, kuna miamba ambayo watu wa zamani sana walichora duara ndani ya duara kwa rangi nyekundu, na maumbo kama mitumbwi. Nimeona picha zake nyingi, na kwa hayo niliyosema juu mnajua picha hazinitoshi, nataka nikae chini ya huo mwamba na vipande vyangu nifuate ule mkono. Nimeongea na bosi anipe Ijumaa moja, amekubali baada ya msimu wa kalenda. Nilipomwambia Afande akasema hiyo barabara ya Mbale kwenda Soroti anaijua kambi kwa kambi, anakuja, na chapati za njiani analipa yeye.