Viola, wiki ya tisa: winchi imekaa

Jumapili nimeshinda barazani na waya wa breki ya baiskeli. Niliufumua uzi mmoja mmoja nikauzungusha kwenye pipa la winchi. Vidole vimetoboka, lakini imekaa.

Kwa waliochelewa: naunda mfano mdogo wa trola (meli ya kuvua kwa kukokota wavu) ya mvuke iitwayo Viola, iliyojengwa Beverley, Uingereza, mwaka 1906. Ya kweli ina urefu wa mita 33 hivi. Yangu, kwa kipimo cha 1:50, inafika sentimita 66. Mkuku na mataruma ni mninga, dohani ni kopo la dawa ya mbu.

Awali ilivua Bahari ya Kaskazini, bandari yake Hull. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipozuka, jeshi la majini likaichukua, ikafungwa mzinga, ikawa inasaka nyambizi na kufagia mabomu yaliyotegwa baharini. Mimi nilikuwa nimeshaunda ya samaki nusu, nikadhani kugeukia ya vita kutanibomolea kazi. Wapi! Kilichoongezeka ni kidogo mno.

Kufagia kulikwenda hivi: trola mbili zilikwenda sambamba zikikokota waya mmoja kati yao. Bomu limefungwa kwa kamba ya chuma kwenye uzito ulio chini ya bahari. Waya ukiikata kamba hiyo, bomu linaibuka, linapigwa risasi. Waya ulizamishwa kwa ubao mzito ambao wenyewe waliuita tiara. Tiara yetu hupaa, yao hupiga mbizi! Winchi ni ya nyavu ileile, na watu ni wavuvi waliokwisha kuzoea kuvuta waya kwenye mawimbi. Hilo Admirali Beresford wa jeshi la majini la Uingereza aliliona kwenye bandari ya wavuvi ya Grimsby mwaka 1907, na kikosi cha akiba cha trola kikaundwa 1910.

Hasara ya wiki: ubao wa tatu, ubavu wa kushoto, umepasuka. Fundi mashua wa mtaani kauangalia, kacheka.

"Mwanangu, uliukausha wapi?"

"Juani, mzee. Siku mbili."

"Basi usinilaumu mimi. Mbao hukauka kivulini."

Nimeubandua. Rangi itangoja. Baada ya vita Viola iliuzwa Norway, ikaitwa Kapduen, halafu Dias, ikawinda nyangumi na baadaye sili. Leo imelala Grytviken, kisiwa cha South Georgia, kutu tupu, injini yake ya mvuke ingali ndani. Kutu ningeiweza kwa unga wa tofali. Kijivu cha vita ndicho kinachonitesa.

Jana binti yangu kaushika waya uliotoka tezini, kaufuata mpaka ukingo wa meza. "Baba, huku mwisho unashikwa na nani?"

Mninga umebaki vipande vinne.