Julai Mtambwe, msimu wa karafuu

Wengi wetu tunaoishi Maskati, tukisema mwezi wa Julai tunakwenda nyumbani, kwanza tunalikimbia joto. Oman kuanzia Juni mpaka Agosti sheria inakataza kumfanyisha mtu kazi ya juani tangu saa sita na nusu mchana hadi saa tisa na nusu. Skuli zimefungwa, watoto wanashinda ndani na kiyoyozi, na kila ukipiga simu Pemba unaambiwa jana ilinyesha, usiku watu wamejifunika. Roho inakutoka.

Safari hii nilikuwa na sababu nyingine. Mama alinambia mapema kwamba mikarafuu imebeba. Mkarafuu haubebi kila mwaka: unaweza kukupa mwaka mmoja mpaka ukashindwa kuuchuma, kisha ukakaa kimya. Na mimi tangu nimeolewa na kuhamia Oman nilikuwa nikija kwa harusi, kwa Idi, kwa msiba, sijawahi kuudiriki msimu. Mume wangu hakupata likizo kazini. Nikawachukua watoto, tukaenda.

Ndege inakushusha Unguja, na Mpemba akifika Unguja hajafika. Tulilala kwa shangazi Jang'ombe. Alitaka tukae naye wiki nzima, nikamwomba radhi, karafuu haimsubiri mtu. Usiku wa pili tukashuka bandarini Malindi tukapanda meli.

Huo ni wakati wa kusi, upepo wa kusini, na kusi ikikaza bahari baina ya visiwa viwili hivi haina mchezo. Meli inakwenda vizuri maadamu Unguja iko ubavuni inakinga. Ukishaipita Nungwi unaingia mkondoni, na hapo watu wote hunyamaza. Ni katika mkondo huo ilipozama meli ya MV Spice Islander usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 ikielekea Pemba, wakapotea mamia ya watu. Pemba ni ndogo. Karibu kila unayemuuliza ana jamaa au jirani aliyekuwemo. Mama mmoja wa Micheweni aliyekaa pembeni yangu alikuwa akisoma Yasini kwa sauti ya chini huku amemshika kichwa mwanangu mdogo aliyekuwa akitapika. Hakuwa akimjua mtoto wala mimi. Alimfuta mdomo kwa upindo wa kanga yake, akaendelea kusoma. Kulipokucha tukaiona Mkoani, nikamshukuru, akasema, "Wa kwako ni wangu, mwanangu. Fikeni salama."

Kaka alikuwa anatungoja bandarini na gari ya rafiki yake. Pemba si tambarare. Njia inapanda kilima na kuteremka bondeni, inapanda tena, migomba huku, minazi huku, na bondeni mpunga. Tulipoipita Chake Chake ndipo watoto walipoanza kuuliza kuhusu majamvi. Kila nyumba ina jamvi limetandikwa uwanjani, juu yake kitu kimetandazwa, pengine kibichi, pengine chekundu, pengine cheusi kabisa. Na harufu ndiyo hiyo moja, njia nzima. Karafuu wanayoijua wao ni zile punje kavu tunazotia katika pilau nyumbani Maskati. Kaka akasimamisha gari, akachuma kishada kwenye tawi lililoinamia barabarani, akampa binti yangu mkubwa. Aliitafuna moja mbichi, ikamwasha ulimi, machozi yakamtoka, lakini kile kishada hakukiachia mpaka tunafika.

Niseme ukweli kuhusu watoto wangu na bibi yao. Wao kwa wao wanazungumza Kiarabu. Kiswahili wanakijua, maana mimi nyumbani sikubali lugha nyingine, ila kwenye simu na bibi walikuwa hawana la kusema. Shikamoo bibi, hujambo bibi, na sisi hatujambo, basi simu inarudi kwangu. Nilikuwa nikiona uchungu sana. Mama naye hakulalamika hata siku moja, anasema ni aibu tu ya kitoto, na huo ustahamilivu wake ndio uliozidi kuniumiza.

Siku tuliyofika tulikuwa wageni. Tulipikiwa shelisheli la nazi na chukuchuku ya changu, majirani wakaja kutuamkia, watoto wamejibanza nyuma yangu. Kesho yake baada ya sala ya alfajiri nikamsikia mama anawaamsha yeye mwenyewe. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," akawaambia, "lakini nyinyi si wageni, kwa hiyo tunakwenda leo." Akampa kila mmoja pakacha.

Mikarafuu yetu aliipanda babu, baba yake mama, upande wa Mtambwe, mahali ambapo ukisimama juu ya kilima unaiona bahari na Wete ng'ambo. Mkarafuu ukitunzwa unaishi hata miaka mia na zaidi, kwa hiyo mingi ya hiyo ya babu si mizee sana kwa umri wa mikarafuu, ingawa ina urefu wa kutisha. Mjomba ndiye mpandaji. Anakwea na kamba na upembo, yaani fimbo yenye ndoano, akifika juu anajifunga, anavuta tawi kwa upembo, anachuma vishada na kuvitia katika polo lililofungwa kiunoni. Tawi la mkarafuu huvunjika bila ya kutoa sauti ya kuonya, na kila msimu Pemba kuna mtu anayeanguka. Kwa hiyo chini ya mti watu hawafanyi mzaha, na aliye juu hapigiwi kelele. Sisi wanawake na watoto tunachuma matawi ya chini na kuokota zilizoanguka. Kibarua hulipwa kwa pishi, kipimo chetu cha ujazo, alizochuma, mjomba halipwi, lakini mama anamtolea fungu lake kabla ya kuuza, na hilo halijawahi kuzungumzwa mbele ya watu.

Kuna jambo nilitaka watoto walisikie pale pale chini ya mti. Huku Oman, katika nyumba za watu wenye asili ya Zanzibar, karafuu inatajwa kwa kujivunia: mashamba ya babu, Sayyid Said, neema ya zamani. Ni kweli karafuu ilifika Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, na ni kweli Sayyid Said, sultani wa Oman na Zanzibar, ndiye aliyehimiza ipandwe kwa wingi. Kweli vile vile kwamba mashamba hayo yalipandwa na kuchumwa kwa mikono ya watumwa waliotolewa bara, na utumwa haukupigwa marufuku kisheria Unguja na Pemba mpaka 1897. Kimbunga cha 1872 kiliing'oa mikarafuu mingi ya Unguja, Pemba ikanusurika zaidi, na tangu hapo karafuu ikawa ya Wapemba. Binti yangu aliniuliza babu yetu alikuwa upande gani. Nikamjibu ninachokijua: babu aliipanda hii kwa mkono wake, katika ardhi aliyoinunua kidogo kidogo kwa kuchuma ya wengine. Sikutaka aondoke Pemba na historia iliyofutwa nusu.

Mchana tunarudi na mapolo. Kazi yenyewe, ile ninayoipenda kuliko zote, inaanza jioni baada ya magharibi: kuchambua. Linatandikwa jamvi kubwa ukumbini, vishada vinamwagwa katikati, watu wanakaa mduara. Unashika kishada kwa mkono mmoja, unakikandamiza katika kiganja cha mkono wa pili, unazungusha, karafuu zinachomoka zinabaki kiganjani na kikonyo kinabaki vidoleni. Karafuu huku, makonyo kule. Makonyo hayatupwi, yana soko lake, yanakwenda kiwandani Wawi kukamuliwa mafuta. Baada ya saa moja viganja vimekuwa vya kahawia, vinanata, na harufu hiyo haitoki kwa sabuni.

Sasa katika kuchambua lazima watu wazungumze, mikono ina kazi lakini midomo haina. Usiku wa kwanza watoto walikaa kwangu. Usiku uliofuata mama akamwita mkubwa akae naye, amfundishe kuzungusha bila kuzivunja vichwa, maana karafuu iliyokatika kichwa inashusha daraja. Akawa anamshika mkono. Halafu nikasikia anamsimulia jinsi mimi nilivyokuwa mdogo nikifunga safari ya kuvuka na mashua kwenda skuli Wete, siku moja maji yamekupwa, mashua imekwama matopeni, nikateremka nikatembea mpaka pwani na buku zangu kichwani. Hayo binti yangu hakuwahi kuyasikia kwangu. Akauliza, bibi akajibu, akauliza tena. Wakachambua mpaka nikawalazimisha kulala. Kwenye simu yale yasingesemeka kamwe, kwa sababu simu inataka uwe na habari, na jamvini huhitaji kuwa na habari yoyote.

Ndiyo maana siwaelewi wenzangu wanaowaleta watoto Zanzibar wakawaweka hotelini pwani ya Nungwi au Kiwengwa, kisha wakawapeleka kwa bibi kwa chakula cha mchana siku moja. Nasema hivi kwa upendo, wengi wao ni marafiki zangu. Mtoto aliyekaa sebuleni kwa bibi yake na soda mkononi amemtembelea, hajamjua. Mpeni kazi, hata ya kufukuza kuku kwenye jamvi.

Kwenye jamvi penyewe kuna hadithi. Karafuu mbichi unaianika juani siku tatu nne, inageuka rangi kutoka kijani kwenda hudhurungi iliyoiva, na kilo tatu mbichi zinakuachia kama kilo moja kavu. Ikirowa, au ikilala imerundikwa na unyevu, inavunda na kupauka. Na mvua ya Julai Pemba haibishi hodi. Adhuhuri moja mama alikuwa anasali, mimi niko jikoni, wingu likaja kutoka upande wa bahari. Nikasikia mwanangu mdogo anapiga ukelele, "Bibi, karafuu! Karafuu!" Nilipotoka nikawakuta wote wawili, yeye na dada yake, wamekwisha shika jamvi pembe mbili wanalikunja, jirani anakimbia kutoka kwake kushika ya tatu. Tuliiingiza ndani kabla tone la kwanza halijanenepa. Mama alipotoa salamu akakuta jamvi liko ukumbini. Hakusema kitu. Alimpigia ami yangu simu jioni akamweleza neno kwa neno, na kesho yake akamweleza muuza samaki.

Siku ya kuuza tulikwenda sote kituoni. Zanzibar karafuu kavu inanunuliwa na Shirika la Biashara la Taifa, ZSTC, wala huruhusiwi kuiuza kwa mwingine. Ndio maana enzi za bei mbaya magendo ya kuvusha kwenda Kenya yalishamiri. Mama anakumbuka wakati Waindonesia, waliokuwa wanunuzi wakubwa kwa ajili ya sigara zao za kretek zinazotiwa karafuu, walipoanza kujitosheleza kwa karafuu zao, bei ikaanguka, watu wakaiacha ikauka mtini kwa sababu ujira wa kuichuma ulikuwa mkubwa kuliko thamani yake. Wengine wakakata mikarafuu wakachoma makaa. Yeye hakukata. Pale kituoni mkaguzi aliingiza mkono ndani ya polo, akatoa konzi, akaitazama, akainusa, akaandika daraja la kwanza. Mama akakunja karatasi yake akaitia ndani ya kanga. Pesa zile ni zake, hakuna aliyemtumia kutoka Maskati, na niliona anavyosimama mtu aliyeuza kitu chake.

Tulipata siku moja tu ya matembezi, na sijuti. Kaka aliwapeleka watoto Mtambwe Mkuu maji yalipokupwa, maana yakijaa panakuwa kisiwa. Ndipo mwaka 1984 zilipochimbuliwa sarafu ndogo za fedha zaidi ya 2,000, zenye majina ya watawala wa pwani hii wa karibu miaka elfu iliyopita. Leo ni mikoko, makaburi na nyumba chache. Walirudi na matope mpaka magotini.

Kilichonitia wasiwasi ni wapandaji. Mjomba ni mtu mzima sasa, na vijana waliokuwa wakikwea naye wako Unguja, Dar es Salaam, wengine wako huku huku Oman, nakutana nao sokoni Seeb. Mti mrefu bila mpandaji ni kivuli tu. Kaka ana fikra ya kuikata mikongwe miwili iliyoanza kufa kwa juu na kupanda mipya, na Serikali inatoa miche bure. Mama alikataa siku nyingi. Tulilizungumza mikono ikiwa kazini, na mwisho akakubali ipandwe miche kumi na mbili kwenye pengo la chini, ile mikongwe ikae mpaka ianguke yenyewe.

Tukapanda kabla ya kuondoka. Mche wa mkarafuu hautaki jua kali miaka ya mwanzo, kwa hiyo kila mmoja tumeupandia mgomba pembeni wa kuutilia kivuli, na utachukua miaka sita, saba, nane kuanza kubeba. Kaka atamwagilia kiangazi cha Januari, mimi natuma ujira wa kijana wa kumsaidia kupalilia. Watoto wamegawana sita sita na kila Ijumaa bibi anapigiwa simu kuulizwa mmoja mmoja. Wa tatu wa mdogo umeliwa na mbuzi wa jirani. Bibi ameshaomba mche mwingine kwa bwana shamba, na sisi mwakani tumekubaliana tuombe likizo ya Agosti badala ya Julai, maana kwa alivyonambia mama, karafuu zilizobaki juu zilikuja kuiva tulipokwisha kuondoka.