Jenereta ya rota bapa: breki imepatikana, na haikuwa kwenye beringi

Imezunguka! Nimeisukuma rota, ile sehemu inayozunguka, kwa kidole, nikaondoa mkono, ikaendelea mpaka nikachoka kuitazama. Hapo awali msukumo uleule ulikuwa unakufa upesi, utadhani mtu ameikamata ekseli, na hiyo ni bila mzigo wowote kwenye nyaya.

Muundo wa jenereta haujabadilika: diski ya chuma yenye sumaku 12 za neodimiamu, ncha za kaskazini na kusini zikipishana, na mbele yake stata, sehemu isiyozunguka, ya koili 9 ndani ya resini, fezi tatu. Habari za kusuka koili sirudii.

Breki hii imeninyima raha. Nilifungua maungio ya nyota, pale fezi tatu zinapokutana, ncha zote za waya zikabaki wazi. Mzunguko ukiwa wazi volti zipo lakini mkondo haupiti, kwa hiyo koili hazina nguvu ya kuikaba rota. Ikakabwa vilevile. Nikaitoa stata pamoja na bamba lake: rota ikaserereka vizuri, beringi hazina neno. Kurudisha tu, breki nayo imerudi. Na haikuwa ile ya kukwama na kuachia ambayo wenye stata za chuma wanaijua. Ilikuwa laini, kama kupitisha mkono kwenye asali. Ukiizungusha polepole huhisi chochote. Ukiongeza kasi, ukinzani nao unaongezeka. Beringi mbovu haina tabia hiyo.

Basi nikaifunga kwenye drili, nikaiacha ikimbie kwa muda, nikazima na kupapasa. Koili baridi kabisa. Bamba la alumini lililoshika stata kwa nyuma, moto! Joto kali lilikuwa kwenye duara lilelile ambalo sumaku hupita mbele yake. Ukisogeza kidole kuelekea pembeni, linapungua.

Mikondo ya edi, basi. Alumini haivutwi na sumaku, na ndiyo sababu huonekana salama kwa kazi hii. Lakini inapitisha umeme vizuri sana, na uga wa sumaku unaobadilika mbele yake hauhitaji waya: mkondo unajizungusha wenyewe ndani ya bamba. Kanuni aliyoitoa mwanafizikia Lenz mwaka 1834 inamalizia kazi, kwa kuwa mkondo huo hupinga badiliko lililouzaa, na rota inavutwa nyuma. Nguvu yote niliyokuwa naitia ilikuwa inaishia kupasha moto bamba.

Kabla ya kulitupa nilitaka uthibitisho. Nilichukua msumeno wa chuma nikalikata mipasuo kutoka karibu na katikati hadi ukingoni, nikalirudisha. Rota ikazunguka muda mrefu zaidi, ingawa bado si huru. Hilo lilinifurahisha kuliko hata ufumbuzi wenyewe! Uzito wa alumini ni karibu uleule, umbali kutoka kwenye sumaku ni uleule; kilichobadilika ni njia za mkondo tu, zimekatwa zikawa vitanzi vidogo. Ndiyo maana kiini cha transfoma hujengwa kwa mabati membamba yaliyotengwa, wala si kwa pande moja la chuma. Sasa stata imekaa kwenye plaiwudi nene, na bolti zilizo karibu na sumaku ni za nailoni.

Kuhusu vifaa: multimita haikunifaa kitu hapa. Mkondo huu haupiti mahali unapoweza kugusisha ncha za kipimo. Hata kwenye koili siiamini sana, maana multimita nyingi za kawaida husoma sawasawa pale tu wimbi linapokuwa la sine safi, na langu kwenye osiloskopu, kifaa kinachochora wimbi kwenye skrini, lina kilele kilichobapa. Masafa, yaani idadi ya mawimbi kwa sekunde, nayaamini: jozi 6 za ncha kwa mizunguko 300 kwa dakika ni hezi 30, na skrini inaonyesha hivyohivyo. Kipimo kilichonisaidia kweli ni saa: alama ya chaki kwenye rota, video ya simu, na muda wa kusimama.

Hatua inayofuata ilikuwa diski ya pili ya chuma nyuma ya stata, ili uga upite koili kwa nguvu zaidi. Itafungwa kwenye ekseli ileile, izunguke pamoja na sumaku. Hapo uga ndani ya chuma hicho haubadiliki, na edi haina pa kuanzia. Baada yake diodi za kuugeuza umeme uwe wa mwelekeo mmoja.

Lakini bamba lile haliniachi. Breki isiyogusa kitu, haichakai, na unaipunguza kwa kulisogeza mbali tu: hicho ni kifaa kamili cha kupimia nguvu ya injini! Nikiweka bamba zima la alumini kwenye mkono unaobonyeza mizani, nitapata nguvu mara urefu wa mkono, nizidishe kwa kasi ya mzunguko, na wati za injini yoyote ndogo ziko mezani. Diodi zitasubiri. Bamba jipya nimeshalitoboa. Natafuta skrubu ndefu yenye nyuzi za karibukaribu ya kurekebishia mwanya.