Nilivyochagua injini ya kutengenezea gemu yangu

Kwa miezi mitatu sasa nimekuwa nikitengeneza gemu ya bao kila nitokapo kazini, na kosa langu la kwanza lilikuwa kupakua injini (programu ya kuundia gemu) iliyozidi uwezo wa kompyuta yangu yenye RAM ya GB 4, ambayo ilikwama kabla sijachora hata shimo moja kati ya yale 32. Ndipo nikahamia Godot, injini iliyoanzia Argentina na kufunguliwa msimbo wake kwa umma mwaka 2014. Ni nyepesi, leseni yake ya MIT haidai mrabaha, na lugha yake ya kuandikia programu, GDScript, inakaribiana na Python niliyokwisha kuizoea. Unreal, injini nyingine, hudai asilimia 5 ya mapato ya gemu yanayozidi dola milioni 1, sharti ambalo, nakiri, halinihusu kabisa. Kilichonitesa baadaye hakikuwa injini bali kanuni za bao lenyewe: Jumamosi nzima iliisha nikitafuta kwa nini kete za takasa (zamu isiyokula kete za mpinzani) zilikuwa zikisambazwa upande usiofaa. Juzi mjomba alicheza nami kwenye simu, akanifunga mara mbili, kisha akauliza mbona kete hazilii.