Usiku Dada Alipoukataa Mwezi

Usiku wa Ijumaa, tarehe 27 Julai 2018, mwezi ulipatwa, na safari hii ulifunikwa kabisa na kivuli cha dunia kwa saa moja na dakika 43, muda mrefu kuliko kupatwa kwingine kote kwa mwezi katika karne hii. Nilikuwa nimeusubiri usiku huo kwa hamu na nilishasoma kila nilichokipata. Nilijua kwamba mwezi utakuwa sehemu ya njia yake iliyo mbali zaidi na dunia, kwa hiyo utaonekana mdogo na kwenda polepole, tena utapita karibu na kitovu cha kivuli. Nilijua pia kwamba sayari ya Mirihi itakuwa mkabala na jua, dunia ikiwa katikati, usiku uleule, inawaka kwa wekundu wake jirani na mwezi; ukinyoosha mkono, nafasi kati yao inazibwa na vidole vichache tu. Nani angelala?

Dada yangu angelala. Alikuwa ametoka kazini hoi. Nikamgongea mlango.

"Dada, toka uone."

"Nione nini?"

"Mwezi."

"Mwezi niliuona jana."

Akatoka hata hivyo, anaburuta ndala, jicho moja bado limefumba. Tukasimama uani. Mwezi ulishaingia wote kivulini, mwekundu wa kuelekea kahawia, upande mmoja umekolea kuliko mwingine. Mimi nilikuwa siongei. Yeye akautazama kidogo, akanigeukia.

"Ndiyo huo?"

"Ndiyo huo."

"Mbona umechafuka tu?"

Nilipoinua macho tena, mwezi ulikuwa umepungua. Sisemi kwa mafumbo: kitu kilekile, mahali palepale, lakini sasa na mimi niliuona uchafu. Baadaye nilisoma utafiti uliochapishwa mwaka 2014 na wanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Yale. Waliwapa watu chokoleti waionje. Aliyeionja wakati mwenzake naye anaionja aliiona tamu kuliko aliyeionja huku mwenzake akishughulika na jambo jingine, ingawa hawakusemezana. Walipotumia chokoleti chungu, mambo yakawa hayohayo upande wa pili: uchungu ulizidi. Mtu akiwa kando yako analikabili lile unalolikabili, basi ladha inakolea, iwe nzuri au mbaya. Sasa mwenzangu mimi alikuwa hanyamazi.

Lakini utafiti huo hauelezi kwa nini nilikasirika. Maana nilikasirika hasa. Dada akisema hapendi rangi ya shati langu, namwachia maoni yake. Kwa nini nisimwachie na mwezi?

Mwanafalsafa Immanuel Kant alilishughulikia jambo hili mwaka 1790, na ingawa maandishi yake ni magumu kuyatafuna, hapa ananielewa kuliko ndugu zangu. Anasema mtu akisifu mvinyo kuwa unapendeza, hatagomba ukimsahihisha aseme "unanipendeza mimi." Akisema kitu ni kizuri, mambo yanabadilika. Hapo hajisemei peke yake; anadai kila mtu akubaliane naye, na asiyekubali anamwona amepungukiwa. Balaa ni kwamba dai hilo halina hati. Hakuna kanuni wala ushahidi wa kumlazimisha mtu aone uzuri. Ni lazima atazame mwenyewe. Nadai nisichoweza kukidai. Ndivyo nilivyokuwa pale uani, na mdaiwa wangu anapiga miayo.

Nikajaribu ushahidi hata hivyo. Nikamweleza kwamba dunia imesimama kati ya jua na mwezi, lakini hewa inayoizunguka inaupinda mwanga kidogo na kuupitisha; rangi ya buluu inatawanyika njiani, nyekundu inafika. "Kwa hiyo, Dada, wekundu ule ni mapambazuko yote na machweo yote yanayotokea duniani dakika hii, yamemulika pale."

Akanyamaza. Nikadhani nimempata.

"Hilo ni zuri," akasema. "Lakini ni zuri kulisikia. Kuliona, bado."

Sijasikia hoja kuhusu uzuri iliyonyooka namna hiyo kutoka kwa mtu mwenye usingizi. Mwanafalsafa Frank Sibley, katika makala yake ya mwaka 1959, alieleza kwamba mhakiki mzuri hatoi uthibitisho. Anaonyesha: tazama mstari huu, sikiliza sauti ile inavyoingia, mpaka mwenzake aone mwenyewe. Maelezo yangu yalikuwa sahihi yote, ila wakati nayatoa dada alikuwa ananitazama mdomo.

Na kuna jambo ambalo mwanafalsafa mwingine, Adam Smith, aliligusa mwaka 1759: kitabu ulichokisoma mpaka kikakuchosha, bado utafurahi kumsomea mwenzako, kwa sababu kwake ni kipya, na mshangao wake unakuingia na wewe. Nafikiri ndiyo maana nilimtoa mtu kitandani. Nilikuwa nimeusoma mwezi ule mpaka ukaisha kabla haujafika. Nilihitaji macho ambayo hayajausoma.

Macho yenyewe yakaenda kwingine.

"Hizi zimetoka wapi?" akauliza.

"Zipi?"

Akanishika kidevu. Vidole vyake vilikuwa vya baridi, bado vina harufu ya sabuni. Akanigeuza kichwa kama anavyofanyiwa mtoto asiyetaka kunawa uso. "Siyo huko. Huku."

Nyota. Njia Nyeupe, ule ukanda wa nyota unaokatiza angani, ilikuwa imetokeza wazi, na nyota ndogondogo zimejaa mahali ambapo usiku wa mwezi mpevu huwa patupu, kwa kuwa mwanga wa mwezi huzimeza. Hilo nalo nilikuwa nimelisoma: mwezi ukipatwa, giza linarudi. Ila nilikuwa nimekaza macho kwenye doa moja.

"Umeona?" akauliza. Kisha tena, kwa ukali kidogo: "Umeona?"

Nikaona. Nikamwambia kwamba bado naupa mwezi nafasi ya kwanza. Akasema basi sina macho. Tukabishana pale mpaka shingo zikauma: yeye anazitetea nyota, mimi natetea doa langu jekundu, kila mmoja anamwelekezea mwenzake kidole. Angekuwa mstaarabu angesema "mzuri sana" na kurudi kulala, na sioni tungekuwa tumegawana nini. Adabu ya namna hiyo naiogopa kuliko miayo.

Ukingo wa mwezi ulipoanza kung'aa tena, nyota ndogo zikaanza kupotea. Mimi nikashangilia. Dada akasonya, akaingia ndani.

Kesho yake nilimsikia akiongea kwa simu na mfanyakazi mwenzake, ambaye inaonekana alilala usiku mzima. Alikuwa anamgombeza kabisa. "Hata dakika mbili ulishindwa kutoka?" Akasikiliza kidogo. "Hapana, mwezi achana nao. Mwezi ulichafuka tu. Wewe, nakuambia nyota!"