Wanyakueni Katika Moto

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii kuna kauli imenikaa rohoni kama mwiba: "Si alionywa."

Kwenye kundi letu la maombi mtu alituma video ya helikopta ya watalii ikitua juu ya volkano, watu wakishuka na kofia ngumu na barakoa za gesi. Mazungumzo yakahamia Whakaari, kisiwa cha volkano kilicho kilomita 48 hivi kutoka pwani ya New Zealand, ambako watalii walikuwa wakipelekwa kwa boti na kwa helikopta. Tarehe 9 Desemba 2019, saa 8:11 mchana, kililipuka kukiwa na watu 47. Walikufa 22. Wiki tatu kabla, wataalamu walikuwa wamepandisha kiwango cha tahadhari. Basi wapendwa wakaanza: pesa ziliwazidi, walijitakia, asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Hilo Bwana alishalijibu. Wale 18 walioangukiwa na mnara huko Siloamu, "mwadhani ya kuwa wao walikuwa wakosaji kuliko watu wote waliokaa Yerusalemu?" Jibu lake: Sivyo. Kisha anawageukia wanaomsikiliza, anawaambia watubu wao.

Zaburi ya 104 inasema Mungu aigusa milima, inatoa moshi. Kutamani kuiona kazi hiyo si dhambi. Tuliache hilo.

Kilichonishika ni marubani. Helikopta moja ilikuwa imeshatua kisiwani. Mlipuko uliisukuma ukapinda mapanga yake, rubani na baadhi ya abiria wake wakakimbilia majini, wakapona. Huko bara, marubani wengine wa utalii walipoona wingu lile waliruka kulifuata. Anga imejaa majivu, na mlima ungeweza kulipuka tena dakika yoyote. Walitua, wakatembea kwenye majivu wakitafuta nani bado anapumua, wakawabeba watu 12. Nani kati yao aliuliza kwanza kama majeruhi alisoma tangazo?

Sasa niseme na sisi, na sitawapaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Dada yetu mmoja alichukua mikopo ya kausha damu, ile ya riba ya kuumiza, huu wa kulipia ule. Aliambiwa, ni kweli. Wiki hii wamekuja kubeba friji lake kwenye guta, barafu za ubuyu alizokuwa akiuza zinachuruzika maji barabarani, majirani wamesimama wanatazama. Baadhi ya majirani hao ni sisi, Biblia kwapani, tunatoka ibadani. Kuonywa kwake kulitupa wapi ruhusa ya kusimama?

Waraka wa Yuda unasema "waokoeni kwa kuwanyakua katika moto". Mtu hanyakuliwi motoni kwa ujumbe wa "tunakuombea dada" wenye vikono viwili vya maombi. Lazima uingize mkono! Una fedha, punguza deni. Unajua hesabu, kaa naye, pangeni nani alipwe kwanza na nani anamdanganya riba. Huna kitu kabisa, nenda tu ukaketi naye, maana aibu imemfungia ndani kuliko hata hilo deni. La mikopo tutaliongea naye, halijafutwa, ila akishapata pa kukanyaga.

Mwenyewe ameridhia tuje. Ni Alhamisi saa 11 jioni. Mama wa jumuiya anaijua nyumba na ndiye anayepokea michango. Ndugu mmoja ametoa friji la mtumba, limeisha gesi tu. Mwenye fundi wa bei ya kueleweka amjulishe mama kabla ya Jumatano.