Jua Lilisingiziwa: Kompyuta Yangu ya Mkononi Ilivyokuwa Nzito

Mwaka 2008 nilikuwa karani katika ofisi ya uwakala wa forodha, Dar es Salaam. Asubuhi nilikwenda bandari kavu, nikapita katikati ya makontena nikiandika namba, lakiri na hali ya kila moja kwenye daftari, kisha mchana narudi ofisini kuyaandika yale yale upya kwenye kompyuta. Mjomba wangu, baharia, aliponiona na lile daftari lililolowa jasho akanihurumia. Safari iliyofuata akaniletea kutoka Dubai kompyuta ya mkononi ya mtumba, inayoingia mfukoni, yenye Windows Mobile 2003, kalamu ya plastiki ya kugusia kioo, na kadi ya waifai ya kuchomeka kwa juu. Kadi ilikuwa na sidii yake.

"Mpwa wangu, kwa hii utaniombea dua," akasema.

Nilimwombea kama wiki mbili hivi. Halafu ofisini wakafunga ruta, nikaweka programu iliyokuwa kwenye ile sidii ili niwe natuma orodha bila waya. Ilifanya kazi siku ile ile, nikafurahi, nikasahau. Wiki hiyo hiyo joto la Desemba lilianza kutubana, na ndipo mashine ikaanza kuwa nzito, yaani ya kuitika polepole.

Namba ya kontena ina herufi nne na tarakimu saba, na herufi ya nne karibu siku zote ni U. Basi nagusa U kwenye kioo, kimya. Nagusa tena. Nasubiri, karani wa lango ananiangalia, mara zinatokea U mbili kwa pamoja, na tarakimu niliyoigusa katikati imemezwa. Ikifika kontena la ishirini natembea huku nikisubiri herufi za kontena nililokwisha kulipita. Kilichoniokoa ni ile tarakimu ya mwisho, ambayo hupatikana kwa hesabu ya zile herufi na tarakimu kumi zilizotangulia. Ukikosea moja, hesabu haikubali, na mfumo wa ofisini ulinitemea namba zangu nyingi tu. Bosi akauliza kwa upole wa kutisha kama daftari langu bado lipo.

Ajabu yake, nikiwa ofisini mashine ilikuwa nyepesi kabisa. Nilimwonyesha bosi, kila nilichogusa kikafunguka papo hapo. Nikaonekana ninatafuta visingizio.

Fundi wa Kariakoo niliyempelekea aliishika, akaipuliza, akatoa hukumu: "Dada, hizi hazikutengenezwa kwa jua letu." Sikukumbuka kumwambia kwamba Dubai nako hakuna barafu. Maelezo yake yaliniingia akilini, maana ofisini kuna kiyoyozi na bandari kavu ni lami na mabati matupu. Nikawa naifunga kwenye kanga yenye unyevunyevu. Nikatembea na mwavuli katikati ya makontena, madereva wakanipa jina ambalo sitaliandika hapa.

Jua lilipata dhamana usiku mmoja nyumbani Mbagala. Saa nne usiku, upepo unavuma, niko mkekani nje, nikaiwasha kurekebisha orodha. Nzito vile vile. Mkono wangu ulikuwa wa moto kuliko yenyewe.

Nikahamia kwenye kumbukumbu. Mashine zile zilikuwa na tabia mbili ambazo aliyezoea kompyuta ya mezani hazijui. Kwanza, ukigusa alama ya X pembeni, programu haifungi, inajificha tu na kuendelea kukaa kwenye kumbukumbu. Kuifunga kweli ulipaswa uingie kwenye mipangilio, sehemu ya kumbukumbu, ukaisimamishe huko. Pili, MB 64 za kumbukumbu yake ziligawanywa, fungu la kuhifadhia vitu na fungu la kuendeshea programu, na mpaka wake ulikuwa unausogeza mwenyewe. Nikasimamisha kila kilichokuwa kwenye orodha, nikausogeza mpaka, nikafuta hata picha za harusi ya dada yangu. Orodha ikawa tupu, kumbukumbu ikawa tele, uzito uko pale pale. Zile picha bado ninazidai.

Nilichokuja kukigundua nilikiona kwa hasira. Nilichoma ncha ya kalamu kwenye kile kitundu cha kuiwasha upya, na ilipowaka nikagusa kalenda haraka haraka, kabla haijajikusanya. Ikafunguka mara moja! Nikagusa majina, yakafunguka. Nikawa nahesabu kwa sauti: nilipofika kumi na moja, chini kwenye kona ya kioo kikachomoza kialama cha mnara chenye X nyekundu, na hapo hapo kila kitu kikaganda. Nikarudia mara tatu. Kila mara, mnara ukitokea, wepesi unaondoka.

Mnara ule ulikuwa alama ya programu ya kadi ya waifai. Nikachomoa kadi. Mnara ukabaki, na uzito ukabaki nao. Hapo ndipo nilipokuwa nikijidanganya siku zote, kwani mara nyingi bandari kavu nilikuwa naichomoa kadi kuokoa chaji, nikiamini kwamba kadi ikitoka na mambo yake yametoka. Programu yake haikuwa na habari hiyo. Iliendelea kuitafuta kadi, na kadi ikiwepo inautafuta mtandao, na mtandao usipopatikana inaanza upya bila kupumzika. Ofisini ruta ilikuwepo, ikaupata, ikatulia. Kwa hiyo kila nilipokwenda kulalamika ofisini nilikuwa namwonyesha bosi mgonjwa aliyepona.

Kijana wa intaneti kafe jirani alinitilia kiprogramu cha kuonyesha shughuli zote zinazoendelea, hata zile zisizo na dirisha, ambazo orodha ya kawaida haizionyeshi. Ile ya kadi ilikuwa inakula zaidi ya asilimia 80 ya nguvu za prosesa. Na Windows yenyewe tayari ilikuwa na sehemu yake ya kutafuta waifai, kwa hiyo wapishi walikuwa wawili kwenye chungu kimoja.

Sikutaka kuifuta, niliogopa draiva, ile sehemu inayoiwezesha mashine kuitumia kadi, ingeondoka nayo na kadi ife kabisa. Nikafungua folda ya Windows, ndani yake StartUp, humo mnakaa njia za mkato za vitu vinavyojiwasha vyenyewe. Yake ilikuwemo. Nikaishikilia kwa kalamu mpaka menyu ikatokea, nikaikata, nikaibandika kwenye nyaraka zangu ili nikijuta niirudishe. Nikachoma kitundu. Nikahesabu mpaka sitini. Mnara haukuja.

Draiva ilibaki, kadi ikawa inaendeshwa na Windows yenyewe. Gharama yake ilikuwa kuingiza upya neno la siri la ruta, nalo kwa mtindo wa wakati ule lilikuwa tarakimu na herufi 26, moja moja, kwa ncha ya kalamu. Mara mbili nilikosea nikaanza mwanzo. Lakini kesho yake nilimaliza safu nzima ya makontena na chaji ikabaki zaidi ya nusu, wakati zamani saa sita mchana ilikuwa inanipigia kengele.

Sikukuu ya Idi niliisahau kabatini siku nne. Mashine zile chaji ikiisha kabisa hufuta kila ulichoweka, na niliikuta tupu kama ilivyotoka dukani. Nikatafuta sidii, nikaweka programu ya kadi, na kabla sijafanya kingine chochote nikaingia StartUp nikaitoa ile njia ya mkato. Kisha nikavuta kiti, nikaanza zile 26.